Gari la Bluu Kwenye Kona

Kaka,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Huku hatujambo, paka amezaa ndani ya kapu la nguo.

Lile gari jeupe la zamani ulilonichagulia nilifufue linanitoa jasho. Usukani mzito, na kwenye kona linayumba kama mlevi. Siku ya kuyajaribu magari yote mawili, hili na lile la bluu, uliendesha wewe, mimi nikabaki benchini na mguu wangu wenye plasta. Ukaniapia kwamba linaloyumba ni la bluu.

Jana nimeliona la bluu likikata kona ya kiwandani, limetulia tuli. Baba, kiti cha mbele, akanipungia mkono kwa furaha.

Wewe, kwenye usukani, ukakanyaga mafuta.

Nisalimie gari langu.

Mdogo wako