Nyayo Zinazokungoja

Mume wangu,

Hatujambo. Suruali yako ya kazi nimeitia kiraka, inakungoja mlangoni.

Juzi nilikanyaga sindano ya cherehani nikaendelea kushona. Dada yako ndiye aliyeona damu, akapiga kelele kama kaona nyoka! Akanipeleka hospitali, na daktari akanitajia kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu. Nikamuuliza, "Kitabadilisha dawa?" Akasema hapana, ganzi hii ya nyayo ni ya kisukari changu na dawa ni zilezile. Basi nikakataa.

Usininunie. Unakumbuka ulivyokuwa ukinitekenya nyayo mpaka majirani wanagonga ukuta kwa kicheko changu? Hicho ndicho kipimo ninachokitaka. Rudi unitekenye. Hata nisipohisi kitu, nitacheka.

Mkeo, fundi wa viraka vyako