Kamioneti Yako Inaitwa, Yaya

Kamina, wiki ya mvua za kwanza

Kwako yaya wangu Kalenga, kaka yangu mkubwa, huko Kinkondja,

Uko mzima? Mama yuko mzima? Mguu wake unamsumbua bado asubuhi? Sisi huku tunapumua, Mungu anatuangalia. Mume wangu Banza yuko safarini na treni. Mtoto anakua, na kilio chake kinafika mpaka nyumba ya tatu; majirani wanasema amerithi koo la mjomba wake. Kabla ya neno lolote: mtu aliyekuletea barua hii ametoka mbali. Mpe kiti, mpe maji ya kunawa, mpe samaki mnono, si wale wa mifupa mitupu unaowapa watoza kodi. Nimemwahidi hivyo kwa jina lako, usiniaibishe.

Barua yako niliisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Unasema karani alikuja ziwani akakuambia, "Kamioneti yako inaitwa ku garaji, kule Kamina," nawe siku hiyo hiyo ukaiendesha ukaiingiza kwenye matete nyuma ya matanuri ya kukaushia samaki, ukaifunika mikeka. Unasema hujaiba, hujagonga mtu, kodi umelipa, na kwa hiyo hutaki kuitwa. Kisha unasema utamleta mama kwenye ubatizo wa mtoto wangu kwa kamioneti hiyo hiyo, mkipita njia ya nyuma ili watu wa garaji wasiwaone. Yaya, ninakushika miguu. Usimpandishe mama kwenye hiyo kamioneti. Na wewe mwenyewe usiipande. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Kuitwa ni nini, najua. Baba yetu aliitwa ku biro ya serikali mara moja tu, akarudi na alama za fimbo, akalala kifudifudi wiki nzima. Tangu hapo mtu akilitaja neno hilo nyumbani, mama anakwenda kuficha kuku. Nami niliposoma barua yako nilikuogopea. Nikasema, acha niende nikasikie kwa masikio yangu kosa la yaya ni lipi. Nikambeba mtoto mgongoni, nikachukua kikapu cha samaki ulionitumia nionekane ninauza, nikaenda kwenye ile garaji ya barabara ya Base, kambi ya askari.

Pale nilimkuta mzee mmoja wa Kaniama, baba Mwamba, anayebeba mahindi kwa kamioneti ya aina moja na yako, hata rangi ni moja. Naye alikuwa ameitwa. Yaya, yule mzee alikuja tayari kwa gereza! Amevaa koti la misa, blanketi limekunjwa begani, na mke wake amebeba bukari, ugali wa kutosha siku nyingi, kwenye kitambaa, macho mekundu kwa kulia njia nzima. Mzee akasimama katikati ya garaji, akavua kofia.

"Miye nimefika," akasema. "Mumeniita. Kosa yangu njo gani?"

Fundi akatoka chini ya motokari moja akijifuta mafuta. Anaitwa Kasongo, mtu mnene wa kucheka, kidole gumba cha mkono wa kulia hakina ukucha. "Hapana weye, baba. Banaita motokari."

"Motokari iko na kosa gani? Haiyapiga muntu hata moja."

"Motokari haina kosa. Kosa iko ya bale bantu baliitengeneza kule Bulaya. Bo benyewe njo balituma maneno. Banasema, kile chuma ya direksio, ya usukani, tulifanya mubaya, murudishe zote, batabadirisha."

Mzee akamtazama Kasongo, akalitazama blanketi lake. "Bazungu njo banasema balikosa?"

"Njo vile."

"Nani alibashitaki?"

"Hakuna muntu, baba. Bo benyewe."

Watu wote wa garaji walisogea karibu, yaya. Mimi nilisahau kabisa kwamba nina samaki wa kuuza. Tangu nizaliwe nimeona watu wakikana kosa walilokamatwa nalo mkononi. Nimemwona karani akikana, na wewe nimekuona ukikana, mdomo umejaa karanga za mama. Lakini kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari, hakuna anayewaona, hakuna anayewadai, nao wanasimama wanasema tulikosea, turudishieni tuliyoyafanya, hilo sikuwa nimelisikia. Mke wa mzee alipiga ishara ya msalaba.

Bado hujasikia la kushangaza zaidi. Kasongo akafungua mbele ya kamioneti, akasugua uchafu kwa kitambaa, akatuonyesha namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Akasema kila kamioneti imezaliwa na namba yake, na kule ilikotoka wanaijua. Ilipanda meli, ikapanda treni, ikauzwa kwa mfanyabiashara, akaiuza kwa mwingine, mpaka ikafika Kaniama kwa mzee wa mahindi, na bado waliweza kuifuata nyuma kwa kuuliza huyu kwa huyu mpaka wakampata. Na yako vile vile. Yule aliyekuuzia aliulizwa, akasema iko Kinkondja kwa mvuvi mmoja mwenye sauti kubwa. Wewe ulidhani umeificha dunia isiione, kumbe chuma chako kinajulikana mpaka Bulaya!

Basi Kasongo akaingia chini, akafungua chuma kimoja kifupi, si kirefu kuliko mkono wa mwiko wa bukari. Ndicho kinachounganisha usukani na magurudumu. Akakiosha kwa petroli, akakipeleka juani, akatuita. Niliona mstari mwembamba kama unywele, basi. Nikafikiri, kwa huo tu ndiyo wanatupigia kelele? Kasongo akakibana, akakigonga kwa nyundo mara moja, wala si kwa nguvu. Kikakatika kama muhogo mkavu. Na mahali kilipokatikia, upande mmoja ulikuwa unang'aa, lakini upande mwingine ulikuwa mweusi wa zamani.

"Muone," akasema, na safari hii hakucheka. "Hapa peusi palishakatika kitambo. Hapa peupe njo palikuwa panamubeba mpaka leo."

Mzee Mwamba akakaa chini, juu ya lile blanketi alilolileta la kulalia gerezani. Akasema kwa sauti ndogo, "Jana tulishuka kilima na batoto ba misioni. Balikuwa banaimba." Kama chuma kile kingekatika pale kilimani, usukani ungebaki mikononi mwake, na magurudumu yangeenda yanakotaka.

Yaya, mimi nikawaza mteremko wetu, ule wa kushukia ziwani, mvua hizi zikiwa zimeulowesha. Nikamwaza mama amekaa mbele karibu nawe, kitambaa kipya kichwani, akishikilia mlango kwa mikono miwili jinsi anavyoogopa. Nikamshusha mtoto mgongoni nikamkumbatia. Mke wa askari mmoja aliyekuwapo pale akanishika mkono akauliza kama mtoto anaumwa.

Ulipoinunua kamioneti hiyo tulikuwa pamoja, unakumbuka? Ulipiga honi mpaka mbuzi wakakimbia. Ulipiga matairi mateke, ukakaa kwenye kiti ukajitazama kwenye kioo, ukasema, "Hii iko muzima kabisa!" Mimi nilisifu rangi. Hakuna aliyeinama kuangalia chini, na hata tungeinama tusingeona kitu, maana ugonjwa wake ni wa ndani ya chuma. Hata aliyekuuzia hakujua. Ndiyo maana ninawashangaa zaidi hawa waliosema.

Siku hizi huku Kamina watu wamejifunza. Mtu akitaka kununua motokari ya mkono wa pili, kabla ya kuuliza bei anauliza, "Hii ilishaitwa?" Ikiwa iliitwa ikaenda, ikabadilishiwa chuma, inapendwa kuliko ile isiyojulikana. Hata Banza, aliyekuwa akikucheka wewe na matete yako, sasa anasema akinunua yake atataka iliyoitwa. Na baba Mwamba, chuma kipya kilipowekwa, alimkumbatia Kasongo na mafuta yake yote, koti la misa likaharibika, na mke wake akatugawia bukari ya gereza sisi sote. Tulikula na samaki wako. Niliondoka na kikapu kitupu na moyo umejaa.

Nisalimie mama, umwambie mjukuu wake hatabatizwa bila yeye, padri amekubali kungoja. Nisalimie wifi yangu, mkeo, mwenye uvumilivu kuliko sisi sote. Nisalimie na katekista anayemsomea mama barua, na jirani yako wa matanuri, ambaye najua alikusaidia kufunika mikeka.

Sasa mtazame huyo mgeni anayekula samaki wako. Mtazame kidole gumba cha mkono wa kulia. Ndiyo, yaya, ni Kasongo. Nilimwambia kila kitu: matete, matanuri, mikeka. Kasirika utakavyo, nitazisikia kelele zako toka huku. Katika mfuko wake wa ngozi kuna chuma kipya kimefungwa kwa karatasi ya mafuta, na kibandiko chake kina namba. Kichukue, nenda kwenye matete, fungua mbele ya kamioneti, usugue ile namba uzilinganishe. Ni zile zile. Chuma hicho kimevuka bahari kikikutafuta wewe, mtoto wa mama yangu, kwenye matete ya Kinkondja.

Kasongo akishakifunga, mpandishe mama, mje kwa barabara kubwa, ukipiga honi. Mnaitwa.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusema kwa kuwa nakupenda,

Numbi