Rudisheni Viatu vya Edilberto

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mambo hayajaharibika kabisa. Mimi ni Yamile wa hapa Bogotá, kaka yangu Edilberto ana miaka thelathini na mmoja, ana usonji na ulemavu wa akili, haongei sana, ila kila Jumapili barabara zikifungiwa magari alikuwa anavaa viatu vyake tunakimbia mpaka jasho linatiririka, tukirudi anakula supu yake ya viazi na siku zinazofuata anatulia, hajiumi mkono wala hagongi kichwa ukutani, lakini miezi miwili iliyopita alimpokonya mtu arepa, ule mkate wa mahindi, barabarani tukikimbia, na mkurugenzi wa kituo cha walemavu anakoshinda mchana akamwambia mama, Bi Leonilde, amnyime kukimbia mpaka ajirekebishe, basi mama akafungia viatu kabatini, kaka akazidi kujiuma, na kila akijiuma mama anasema, "Umeona? Jumapili nyingine hiyo imekwenda!", juzi akavunja mlango wa kabati, mama akamnyang'anya viatu akavificha chini ya kitanda chake, na sasa mkurugenzi anasema huyu ni mtu wa hatari, apelekwe makao ya mbali, na mwisho wa mwezi mama anatia sahihi ya kumpeleka. Nimpinge mama yangu mzazi?

Yamile

JIBU

"Amnyime kukimbia mpaka ajirekebishe." Mkurugenzi mzima kasema hivyo, na mshahara anapokea! Huyo angemnyima mgonjwa dawa mpaka apone kwanza. Waliochunguza watu wazima wa hali hii wameona mara nyingi kwamba mazoezi hupunguza kujiuma na fujo. Si kwa kila mtu, lakini kwa Edilberto mmeshaona kwa macho yenu. Mmemwondolea kinachomtuliza, amevurugika, mnamwita hatari. Mtu alikuwa anatafuta viatu vyake!

Pole, dada, ila na wewe nakusema. Miezi miwili unatazama tu, eti mama kasema! Mheshimu, lakini mpinge. Mpeleke kaka yako kwa daktari akaguliwe mwili, meno na masikio pia, maana asiyeweza kusema "naumwa" huenda anasema kwa kujiuma. Asubuhi, kabla ya kituo, pandeni kilima cha mtaa wenu kwa mwendo wa haraka. Jumapili peke yake haitoshi. Arepa mnunulie kabla hamjaanza. Na kukimbia kusiwe adhabu wala zawadi tena, kama maji ya kunywa yasivyo.

Nawe Bi Leonilde, najua umechoka, na najua Yamile atakusomea gazeti hili. Usitie sahihi. Jumapili hii inama chini ya kitanda, toa viatu, mfunge mwanao kamba za viatu, mwache akimbie. Akirudi mpakulie supu, umtazame usoni, kisha uniandikie hatari umeiona wapi.