Kaka Elia, Wamenipa Ukaazi wa Kudumu

Mpendwa kaka Elia,

Jumanne nilikuwa kwenye basi, narudi nyumbani mtaa wa Lozells kutoka mjini, simu ikatetemeka. Barua pepe kutoka uhamiaji: nimekubaliwa kuishi Uingereza bila kikomo. Nikasoma mara tatu. Kisha nikakuambia kwa mikono, kwa zile ishara tulizozitunga wenyewe nyumbani Kondoa kabla hatujajua kwamba kuna lugha ya alama inayofundishwa shuleni. Abiria wa pembeni akasogea kidogo. Nikaendelea tu.

Mtaani walikuita Bubu, wewe uliyekuwa na maneno mengi kuliko sisi sote. Ukirudi kutoka karakana ya kuchomelea mageti, ulisimama uani ukatusimulia siku yako kwa mwili mzima: mteja mnene akishuka kwenye pikipiki, bosi akikagua geti huku akikwepa cheche, mbuzi aliyetafuna karatasi ya vipimo. Mama alicheka mpaka akashikilia ukuta. Nami nilipojaribu kumwigiza yule mbuzi, ulinishika mabega ukatikisa kichwa. Vidole vyako vikasema, "Usikimbilie kucheza. Mtazame kwanza."

Nimefanya kazi kwa maneno hayo maisha yangu yote, kaka. Homa ya siku tatu ilikuondoa duniani, mimi nikiwa chuoni Dar. Hukuniona nikija Birmingham kusomea dansi. Hukuona dansi niliyoitunga juu ya mtu anayeunga vyuma, watu wakisimama ukumbi mzima kuipigia makofi.

Viza ya masomo ilipokaribia kwisha, walimu wangu walinishauri niombe ile ya watu wenye vipaji vya pekee. Kwa njia hiyo mtu hutangulia kuthibitisha kwamba kazi yake si ya kawaida: anakusanya picha, maandishi ya magazetini, barua za wataalamu. Akipita, anapewa miaka ya kuishi na kufanya kazi, na baadaye anaweza kuomba ukaazi. Wanaopima maombi walitaka pia nieleze nilivyoifikia sanaa yangu. Nikataja vyuo viwili. Wewe sikukuandika.

Nilijiambia kwamba fomu haina nafasi. Si kweli. Nilikuonea haya. Niliona fundi geti asiye na cheti hata kimoja ataniangusha mbele ya wakubwa. Nisamehe.

Wakanikataa. Walisema hawaoni kilicho changu mwenyewe katika kazi ile.

Nikaenda kwa wakili, Manjit, Kalasinga ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Kiswahili chake ni cha bibi yake. Alisoma maombi yangu yote, halafu akaniuliza:

"Hapa umeandika 'tulitunga', hapa 'tulifanikiwa'. Ni nani alitunga hii dansi?"

"Mimi."

"Sasa mbona unajificha?"

"Kwetu mtu hajisifu, dada."

"Hii si kujisifu. Wamekuuliza, wewe jibu. Na hii njia ya kusonga mikono, hakuna mwingine anayo. Ulitoa wapi?"

Hapo nikalia, kaka. Nikamweleza habari zako zote, hadi mbuzi. Manjit akaiweka kalamu chini.

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Yote."

Nikaandika. Nilisema, mimi ndiye niliyeitunga dansi hii, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kaka yangu Elia, kiziwi, fundi wa kuchomelea vyuma. Nikaeleza ishara zetu moja moja, na jinsi kila moja ilivyozaa mwendo jukwaani. Barua za wataalamu nazo zikaandikwa upya, zikieleza kitu kile kile walichokiona kwa macho yao. Safari hii walinikubali. Nikafanya kazi miaka iliyotakiwa, nikafaulu mtihani wa historia ya nchi hii, nikaomba ukaazi. Jibu ndilo lile la kwenye basi.

Sijivuni, lakini sijifichi tena. Najua ninachokijua, na najua kimetoka kwa nani.

Sasa nikupe habari ya Jumamosi. Nina darasa la dansi la watoto viziwi katika ukumbi mmoja mtaa wa Castle Vale. Kila mwaka nililifungua kwa woga, nikijua huenda nikalifunga kabla watoto hawajafika mbali. Mama Furaha, Mkongo jirani yangu, humleta binti yake kwa mabasi mawili. Juzi aliniuliza swali ambalo huniuliza kila mwisho wa muhula, nami nimezoea kulijibu kwa "Mungu akipenda" huku nikitazama sakafu.

"Mwalimu, na mwaka yenye inakuya, utakuwa hapa?"

Nikamtazama usoni. Kisha nikamgeukia binti yake, nikamjibu yeye, polepole, kwa mikono miwili:

Nitakuwa hapa.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako,
Rehema