King'ora Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Shikamoo dada Editha,

Huko Mpepai mnaanika kahawa. Huku Ngumbo kwa mama mdogo tunaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, na mchanga tunaula humohumo.

Kijiji kimeletewa king'ora cha kutuonya dhoruba ikija. Kiko juu ya nguzo, kimefungwa utepe mwekundu. Tumefundishwa tukafundishika: kikilia, acha ulichoshika, kimbilia mlimani, usishuke mpaka kinyamaze.

Juzi ziwa likachafuka, mawimbi yakaingia hadi jikoni. Mama mdogo akamkimbilia mwenyekiti wa kijiji: "Washa king'ora, tunakufa!"

"Mama, hakijazinduliwa. Tukikiwasha leo, mgeni rasmi atazindua nini?"

Basi mama mdogo akapita nyumba kwa nyumba akigonga sufuria, na watu wakapona. Bati letu tumeliokota kwenye mihogo ya jirani.

Leo jua linawaka, ziwa limetulia. Mgeni rasmi kaja, kala kuku, kakata utepe, kabonyeza. Dada, tulitii! Kwaya, wapishi, wazee, hata mwenyekiti, sote mbio mlimani. Chini akabaki yeye na mkasi wake, king'ora kinalia, hajui kinazimwaje.

Mwenyekiti akataka kushuka. Mama mdogo akamkamata shati: "Kaa hapa. Sisi tulimsubiri, naye atusubiri."

Nibusie watoto. Usipa nawaletea, muule siku hiyohiyo. Msisubiri mgeni rasmi.

Mdogo wako,
Kasiana