Pambo la Bibi Harusi

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada Maimuna,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako wanashinda nayo watoto. Sisi hatujambo. Mume wangu Abdulatif amehamishia duka la vipuri Gerezani, na mama bado anagombana na mwenye nyumba kuhusu maji.

Umeuliza kwa nini tangu harusi napiga picha na miwani ya jua. Unakumbuka mpambaji alinivalisha machoni lenzi za rangi ya asali. Nilipotaka kuzivua kabla ya kulala, somo wangu aliyenifunda, Bi Mwanakombo, alinizuia. "Bibi harusi havui pambo, mwanangu. Mumeo aamke akuone ulivyopambwa." Nikalala nazo fungate nzima.

Jicho la kushoto likawa jekundu, mwanga ukawa unanichoma. Daktari alisema ukilala na lenzi jicho halipati hewa, vijidudu vinazaliana chini yake. Kidonda kimepona, kovu limebaki juu ya mboni. Nikifumba la kulia, Abdulatif namjua kwa sauti tu.

Bi Mwanakombo huja kila Ijumaa na ubani. Ananisomea dua, analia, anasema ni kijicho cha watu. Sijamwambia, na sina moyo wa kumwambia.

Lakini sasa anamfunda mdogo wetu Nasra, na mpambaji ni yule yule. Njoo mapema, dada. Siku ya harusi mimi nitakaa na Bi Mwanakombo sebuleni, nimzungumzishe. Wewe ingia kwa Nasra, umvue lenzi.

Mdogo wako,
Sitara