Kola Yangu Imerudi na Lori

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya shule ya msingi,
12 Januari

Mpendwa Kidole,

Hujambo, mwanangu? Macho yako je, bado yanawasha kwa kuikodolea kompyuta kutwa nzima? Sisi huku wazima. Baba yako, huyu kaka yangu, anakohoa kidogo, lakini kelele zake ziko palepale, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Miwani uliyoninunulia imefika, asante sana. Sasa naona mpaka mambo ambayo sikutaka kuyaona.

Mwaka huu sijashona sare hata moja. Wazazi wote wameagiza kwa simu kutoka kiwandani kwenu, na bei yenu siiwezi. Lori lenu linaingia limejaa sare, linarudi tupu. Juzi lilimbeba yule fundi niliyekuwa nikishona naye, anakuja huko kutafuta kazi. Muuza vitambaa naye amefunga duka.

Kazi yangu sasa ni kupunguza. Sare zenu zinawapwaya watoto wa huku, basi wananiletea nizibane. Wiki iliyopita nikafumua kola moja, nikaduwaa. Ilikuwa kola yangu, na ncha zake zimekunjwa vilevile nilivyokufundisha, enzi zile unajichoma sindano mpaka tukakuita Kidole. Kumbe ndiyo unayoichora huko. Nilikasirika, kisha nikamwonyesha mama wa mtoto na kujisifu. Baadaye nikawaza kikulacho ki nguoni mwako, nikaona aibu, maana anayenila ndiye aliyeninunulia miwani.

Unasema na mimi ninunue mashine ya kukata kama yenu. Umeme wa huku unawaka ukipenda wenyewe. Tena nimkatie nani? Baba yako anasema maendeleo hayamsubiri mtu. Nikamuuliza yanakwenda wapi, akasema kwani yeye ndiye dereva?

Na sasa bosi wako anataka karatasi za kukatia gauni langu la marinda, zile zenye vipimo vyote. Nikikunyima, nakuharibia kazi. Nikikupa, mimi nibaki na nini? Nimezikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena. Sijui, Kidole. Kweli sijui.

Msalimie mumeo na mawifi zako. Baba yako na mama mdogo wanakusalimu. Mungu akulindie macho hayo, na vidole pia.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Shangazi yako

Nyongeza: Karatasi ya mbele ya gauni nimeitia humu kwenye bahasha. Ya nyuma nimeirudisha ukutani, kwenye msumari wake. Hiyo uje uichukue mwenyewe.